Madigadi ya Kushoto

Jumapili, 3 Novemba
Miaka ishirini na sita nnafungua mainjini, leo nimeshindwa na bati la alumini! Nnajifunza kufua madigadi mpya ya Landrova ya marehemu baba, badala ya ile ya kushoto iliyooza. Kaka Thani kaapa: nikiitengeneza mwenyewe, gari haiuzwi, inabaki hapa kwangu Al Amerat. Haya. Nimelibamiza bati juu ya mfuko wa mchanga kama boliti iliyoganda. Limetoka makunyanzi matupu.

Jumatano, 6 Novemba
Kumbe bati linalainishwa kwanza kwa moto. Unalipaka sabuni, sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto. Na ujuaji wangu nikachukua sabuni ya karafuu ya mke wangu Nawar, aliyoletewa na mamake kutoka Unguja. Haikugeuka wala nini — bati likayeyuka, tundu la kupita ngumi! Nawar kanuna, sabuni ilikuwa ya mwisho. Kaka kapiga simu kutoka ofisini kwake Al Khuwair, kacheka. Ati kazi hizi niwaachie vibarua wa kigeni, nnaaibisha ukoo. Yeye na dishdasha yake, kanzu nyeupe isiyojua grisi! Gari ya baba hajaiosha hata siku moja.

Alkhamisi, 14 Novemba
Imekubali! Bati la tatu. Nimeacha kupiga kwa hasira. Nnagonga kidogo, nnafumba macho, nnapapasa kwa kiganja — mkono unaona bonde ambalo jicho halilioni. Nimeifunga, nimeipaka rangi. Nawar kaizunguka gari mara mbili, kauliza mpya ipi. Wallahi nilitaka kulia.

Ijumaa, 15 Novemba
Kaka kaja baada ya sala — na mnunuzi! Bwana mmoja wa Sib. Nikamvuta pembeni: na kiapo chako? Ati yalikuwa maneno ya kunitia moyo tu, Sleyum, na madhali imependeza, si itapata mtu wa maana? Mnafiki! Kumbe siku zote hizi nnampambia gari ya kuuza.

Mnunuzi kaipapasa madigadi. Kauliza kama ni ya asili, maana gari ya viraka haitaki. Kaka kadakia: ya kiwandani hiyo, muulize mdogo wangu, ndiye fundi. Wakanigeukia wote wawili. Nikasema ngojeni nilete ufunguo wa gari.

Niko jikoni, nnaandika wima. Nikisema ya kiwandani, gari ya baba inaondoka na kazi yangu inaondoka bila jina. Nikisema yangu, gari inabaki, lakini Kaka ni muongo mbele ya mgeni, na katoka msikitini sasa hivi. Nawar ananisukuma: katoke, mwanamme wewe!

Kaka ananiita tena, safari hii kwa jina la utotoni. Angoje.