Mti Wako Umeitika

Gbandema, Jumapili

Kaka Vandi,

Mama mzima, goti tu linamsumbua. Mpunga tumeshavuna.

Kampuni ya michikichi ilileta tingatinga juzi kufyeka pori letu. Mpimaji wao akatuambia, "Hili pori halina mwenyewe." Mama akacheka. "Halina mwenyewe? Subiri niwaite." Akagusa miti yetu ya kola mmoja mmoja, akitaja mtoto ambaye kitovu chake kilizikwa hapo, na kila aliyetajwa akaitika, "Nipo!"

Alipotaja jina lako, kimya. Dereva akawasha tingatinga. Nikapiga kelele, "Nipo!" Kijiji kizima kikaitika nami.

Dereva akazima, akashuka.

Jana polisi walimkamata baba, eti tumezuia kazi ya kampuni. Alikwenda kichwa juu, na miti yote imesimama.

Njoo uitike mwenyewe. Sauti imenikauka kwa ajili yako.

Dadako,
Tenneh