Ulisimama Nyuma ya Jiko

Matwebe, Rungwe,
Kwa Posta ya Tukuyu.
9 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Asajile,

Ugonile, mwanangu. Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe, na mkeo Jenifer hajambo? Kile kifua chake kimepona? Wajukuu wanasoma vizuri? Huku sisi tu wazima. Goti langu linauma asubuhi kukiwa na ukungu, na ukungu wa huku unaujua, hauna likizo. Maharage tumevuna, ndizi zipo, Mungu hajatusahau.

Salamu nimezimaliza kwa sababu nililelewa. Sasa nikuambie kwamba mimi shangazi yako nina hasira na wewe. Hasira hasara, najua, ndiyo maana nilikaa siku nne kabla ya kushika kalamu, na bado haijapoa. Sikukupigia simu kwa kuwa ungesema mtandao unasumbua, ukakata. Barua haikatiki.

Wiki tatu zilizopita binti yangu Lilian, anayefanya kazi kiwanda cha chai, alikuja baada ya ibada akanionesha kwenye simu yake ule ukurasa wako. Unalinganisha mahali ilipochezwa ile filamu ya bibi harusi, mwaka 1983, na palivyo leo, picha ya zamani juu na ya sasa chini. Haki yako nitakupa kwanza. Ile ya mashamba ya chai ya Ikuti ni nzuri. Nilimkumbuka marehemu Amoni, aliyejificha nyuma ya mti asionekane kwenye kamera, na akaonekana. Ya soko la Tukuyu umekosea. Yule dada wa filamu hakununua ndizi hapo penye maduka ya simu, alinunua upande wa juu, na mimi ndiye niliyemshikia kikapu. Hilo nakusamehe, hukuwa umezaliwa.

Halafu Lilian akasogeza kidole, nikaona kwetu.

Juu kuna nyumba nyeupe yenye mlango wa buluu, bibi harusi analia, Mlima Rungwe umesimama nyuma yake. Chini kuna ukuta ulioanguka, bati lililokunjamana na magugu. Na wewe umeandika kwa mkono wako: "Kwa babu mzaa baba. Kwetu pamekuwa gofu, hakuna aliyebaki."

Asajile, ile haikuwa nyumba, lilikuwa jiko. Watu wa filamu walitaka mlima uonekane, na ukiipiga picha nyumba yetu kwa mbele mlima unabaki mgongoni kwako. Basi wakaenda kule nyuma kwenye migomba, wakapaka chokaa ukuta wa jiko la bibi yako, ule mmoja tu unaotazama kamera, wakatundika na mlango ambao haukufunguka kwenda popote. Mlima ukajifunika mawingu siku tatu. Siku tatu tulipiga vigelegele vya kujaribu hadi sauti zikakauka, na bibi yako akapikia nje kwenye manyunyu kwa ajili ya sanaa yao. Jiko hilo liliangushwa na masika ya mwaka jana. Nyumba ipo, ina bati jipya upande wa sebule, na ndani yake nipo mimi.

Siku ile mlipokuja nilikuwa barazani nachambua maharage. Nilisikia gari, nikasikia mnacheka, nikadhani ni wanunuzi wa ndizi. Mpaka nimelinyanyua hili goti na kuzunguka, nilikuta alama za matairi na chupa ya maji mliyoitupa. Ungegeuza shingo kushoto na kupita migomba mitano ungeniona. Lakini kamera yao ilisimama nyuma, na wewe ukasimama nyuma, ukamaliza.

Tangu lini mtoto wa hapa akaingilia migombani kama mwizi wa mikungu? Mtu huingilia mbele, akabisha, akasema ugonile, hata kama nyumbani wamebaki kuku tu. Mwaka jana nilikwenda Mbeya miezi mitatu kutibiwa macho, wewe uliposikia ukaamua nimehama. Hukumuuliza mtu. Mkataa kwao mtumwa, wazee walisema, na mimi siku hizi nauona ukweli wake.

Ingekuwa ni aibu yangu peke yangu ningenyamaza. Lakini Jotham, mtoto wa baba yetu mdogo, anakitaka hiki kiwanja tangu wanunuzi wa parachichi waanze kupita huku. Alikwenda mjini akaichapisha picha yako kwa rangi, ikafunikwa plastiki, akaileta kwenye kikao cha ukoo Alhamisi iliyopita. Akasema mtoto mwenyewe wa marehemu kaka yangu ametangazia dunia kwamba mji wa baba yake umekufa, basi ukoo uchukue ardhi, apewe mtu atakayepanda miti yenye faida.

Nikawaambia mimi naishi pale, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajanywa chai yangu. Mzee Lwitiko, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Dada, wewe uliolewa ukarudi," akasema. "Huyu ni mtoto wa mwenye mji, na ameshasema."

Miaka kumi na mmoja nalima hapa. Nilimwuguza baba yako kwa mikono hii, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Na neno langu likashindwa na picha ya mtu aliyepita na gari. Wale wazee nimewakasirikia pia, usifikiri nimewasamehe. Lakini wao hawakuniita gofu.

Tulibishana mpaka chai ikaisha. Mwisho Mzee Lwitiko akatoa uamuzi wake. Jumamosi tarehe 27 watakuja kukaa hapa hapa nyumbani. "Aje mwenyewe Asajile," akasema, "atuoneshe kwa mkono wake alipolala baba yake. Akishindwa, huyo hana kwao." Usipokuja, au ukija ukashindwa, Jotham anapewa, na mimi nimeambiwa nihamie kwa Lilian kabla ya mvua za Novemba. Kufuta picha hakutasaidia kitu, Jotham anayo kwenye plastiki.

Sasa nisikilize vizuri. Hukuja kumzika baba yako. Ulikuwa kazini Zanzibar, ukatuma maua, yakatufikia kwa basi. Ukatuambia tusilijengee kaburi, wewe kama mtoto mkubwa utakuja kulijengea mwenyewe. Tukatii. Tukalizungushia mawe tu, tukakungoja. Hii ni miaka minne. Masika manne yamelikanyaga tuta mpaka likawa sawa na ardhi, yamebaki mawe.

Na huenda hakukusimulia, maana mlionana kwa nadra. Katika filamu ile Ambakisye, baba yako, ndiye aliyekuwa kijana wa mwavuli. Siku zote tatu za kuungoja mlima alisimama ameifunika kamera isilowe, yeye mwenyewe akalowa. Alilisimulia jambo hilo kuliko harusi yake. Alipozidiwa aliniambia nimlaze pale aliposhika mwavuli, kwa sababu ukiwa pale mlima unauona wote. Tukamlaza pale.

Lilian aliikuza ile picha yako ya sasa. Chini, pembeni, yanaonekana mawe, na katikati ya mawe kuna mguu wa stendi ya kamera yako.

Nimelia, Asajile, halafu nikakasirika upya. Kama inakuuma kusoma, nimeandika ili iume. Hilo la mawe sijamwambia mzee yeyote, wala Lilian hatasema. Utalisema wewe mbele yao, kwa kinywa chako.

Nisalimie Jenifer, mwambie dawa ya kifua anywe yote, asiishie katikati. Nisalimie wajukuu, na mama yako pia, sina ugomvi naye. Lilian anakusalimu. Hellen wa jirani, aliyekubeba ulipokuwa mdogo, anauliza kama umenenepa. Mungu akulinde safarini, akupe moyo wa kurudi na miguu ya kufika.

Siku hiyo ingilia mbele, unipe shikamoo yangu, unywe chai. Wazee wakikuuliza alipo baba yako, usinitazame mimi. Mwenyewe uliandika kwenye ukurasa wako kwamba ilikuchukua nusu saa ya kupima mpaka ukapapata hasa mahali kamera iliposimama. Basi twende migombani, ukasimame tena hapo hapo, na safari hii uvue viatu.

Ni mimi ninayekupenda, hasira na yote,
Shangazi yako,
Dainess