Sailensa ya Bwana na Sailensa Yetu

Jumatatu, 4 Mei 1953
Lori limezima tena getini, vibarua wakipanda. Likiwa mwendoni halina neno. Ukiondoa mguu kwenye petroli ili lisimame liungurume polepole, linatetemeka, sauti inashuka, kimya. Sailensa imekufa. Asubuhi, likiwa baridi, nikivuta choki linasaidika kidogo. Likishapata moto, hakuna kitu.

Betri nayo mbovu. Kuliwasha ni kuzungusha hendeli tu kule mbele. Bega linauma.

Mke wangu Ndeshi anasema mtoto ameshuka tumboni. Nimesema sawa.

Jumanne, 5 Mei
Nimemwambia Bwana mwenye shamba: sailensa imekufa, nahitaji kwenda kwa fundi Arusha. Akainama chini ya lori, akagongagonga bomba la moshi kwa fimbo. Akainuka mwekundu. "Sailensa mzima! Wewe ongo! Wewe nataka kwenda mjini kunywa pombe!"

Bomba la moshi limeingiaje hapa, sijui. Mimi pombe sinywi. Shauri yake.

Ijumaa, 8 Mei
Nimekaza skrubu ya kabureta ili liungurume kwa nguvu zaidi. Mchana halikuzima. Jioni likaanza: linapanda, linashuka, linapanda, puu. Nimetega sikio kwenye kabureta. Fyuuu. Linavuta hewa pasipotakiwa. Gaskiti, ile ya kuzibia chini ya kabureta, imekatika. Nyingine iko mjini, na mjini sina ruhusa.

Hili ndilo gari pekee hapa. Mkunga amesema safari hii Ndeshi asizalie nyumbani. Wa kwanza alizaliwa nyumbani, tukamzika migombani siku ile ile. Hakupewa jina. Tangu hapo sioni kitu cha kuniuma wala cha kunifurahisha. Ndeshi hulia. Mimi nakula, nalala, naendesha.

Jumapili, 10 Mei
Kanisani. Watu wanauliza, tunasema bado. Hatujanunua hata kitambaa cha mtoto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumanne, 12 Mei
Uchungu ulianza tukinywa chai. Bwana alinipa lori bila neno, twende hospitali Arusha. Ndeshi katikati, mkunga mlangoni. Sikuondoa mguu kwenye petroli tangu Usa River mpaka daraja la Nduruma. Hapo ng'ombe. Kundi zima darajani, na Mwarusha mwenyewe anatembea nyuma yao kama yuko bomani kwake. Klachi, breki, petroli, na miguu ninayo miwili. Likazima.

Nikashuka na hendeli. Linashika, linakufa kabla sijafika kitini. Tena. Tena. Mwisho nikamwambia Ndeshi sogea huku, kanyaga hapa, usiachie. Akasogea nyuma ya usukani na tumbo lake, akakanyaga. Nikazungusha. Likashika. Uchungu ukambana, akapiga kelele, lori likapiga kelele, mguu hakuuachia. Mkunga ananitukana mimi na ukoo wangu wote. Yule Mwarusha akaja kuchungulia dirishani. "Engai!" akamwita Mungu kwa lugha yake. Akakimbia kuwachapa ng'ombe wake, njia ikafunguka, nikashika usukani.

Amezaliwa mlangoni mwa hospitali, kitanda hatukukifikia. Msichana. Alichelewa kulia. Nilisimama pale nikingoja, sikusikia kitu moyoni. Kisha akalia. Bado sikusikia kitu.

Alhamisi, 14 Mei
Bwana amekuja mjini mwenyewe. Fundi Shomari, mtu wa Pangani, ameweka gaskiti mpya na kuzibua tundu dogo la petroli kwenye kabureta. Lori limesimama likaunguruma polepole, halitikisiki.

Shomari akamweleza Bwana: sisi tukisema sailensa, ndiyo hii, gari kuunguruma limesimama. Lile mnaloliita sailensa kwa Kizungu, kwetu ni bomba tu. Bwana akatazama chini. "Mimi nafikiri bomba," akasema. Shomari alicheka mpaka akashika mbavu. "Yarabi! Mke wa mtu nusura azae darajani kwa neno moja!"

Sikucheka. Hasira pia sikuwa nayo. Ningependa kuwa nayo.

Jumamosi, 16 Mei
Nesi ameuliza jina. Nimesema tungoje. Ndeshi akanigeukia, hajawahi kunisemesha vile. "Yule hukumshika. Na huyu hutamshika?"

Nikatoka nje. Nilifuta vioo vya lori. Vilikuwa safi.

Jumatatu, 18 Mei
Tuko nyumbani. Mvua. Ndeshi amelala usingizi wa kuchoka. Mtoto aliamka akalia. Nilingoja aamke mama yake. Hakuamka. Kilio kikazidi, basi nikamwinua.

Ana joto. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Akanikojolea shati lote, akanyamaza, akanitazama.

Nimelia. Nadhani nilikuwa namlilia yule wa kwanza. Huyu bado yuko mapajani, naandika kwa mkono mmoja.