Moto wa Sita kwa Bei ya Nne

Yaya Mukalay,

Kwanza uniambie mama anaamka namna gani, na kama lile goti lake limempa pumziko. Minye mudogo wako niko muzima hapa Likasi. Kazi ya famasi inachosha, umeme unakatika ovyo, na ninyi wa Kalemie mnanikosesha usingizi kwa hamu. Lakini leo sikuandikii kulia. Leo ninajidai, utanivumilia.

Ule mchezo wa karte, karata za uchawi, ulionifundisha, huku mtaani Shituru wanaucheza kila Jumapili baada ya misa, uani kwa Kabongo, fundi wa umeme. Desturi yao ni kali: wawili wakifika fainali, kila mmoja anaweka mezani karte anayoipenda kuliko zote, na mshindi anakamata zote mbili. Jumapili iliyopita fainali ilikuwa minye na Kabongo: yeye akaweka Simba wake, minye nikaweka Malkia wa Maji, ile uliyonipa siku ninapanda treni. Nilijuta palepale.

Mwishoni Kabongo alibaki na uhai sita. Minye nilikuwa na nguvu nne tu, na karte moja mkononi: Radi. Unaijua: unachagua mwenyewe ukubwa wa moto, na unalipa nguvu sawa na ukubwa huo. Ila mezani nilikuwa tayari na Mhunzi, anayepunguza bei ya kila uchawi kwa mbili. Nikatangaza moto wa sita, nikalipa nne.

Kabongo akakataa. Akasema aliyelipa nne anapata moto wa nne, na wote wakamuunga mkono. Mkono wake ulikuwa umeshamfikia Malkia. Nikakumbuka kwamba bibi yake wa ndoa anauza bunga ya mahindi sokoni kwa meka, yale makopo ya kupimia, na Jumamosi yeye ndiye anayewapimia wateja.

"Kabongo, muntu akikuomba meka sita ya bunga, weye ukamupunguzia bei, utarudisha bunga mu mufuko yako?"

Bibi yake akamjibia toka mlangoni: "Ajaribu tu. Atanikimbizia bantu yote."

Uani wakaangua kicheko, na Kabongo naye, halafu akajihesabu amekufa mchezoni. Ni hivyo tu: kwanza unasema unachotaka, ndipo bei inashuka, na moto haupungui. Nililia kwa furaha mbele za watu wala sikuona haya.

Malkia ninaye. Simba wa Kabongo yumo katika bahasha hii, ni wako, umucheze bila huruma.

Unisalimie mama, tantine, yule shangazi yetu muuza dagaa, na shemeji yangu anayekupikia.

Ni minye mudogo wako, Mado. Ila Shituru nzima sasa wananiita Mama Radi, na ninaitika.