Nyumba Kumi na Tisa za Mkwaja

Barua hii niliijibu kwa posta siku ileile iliponifikia, kwa kuwa haikuweza kungoja ukurasa wangu wa gazeti. Naichapa sasa kwa idhini ya aliyeiandika. Majina nimeyageuza. — Asmahani, Tanga, Novemba 1956

Bi Asmahani, shikamoo. Barua hii nitampa dereva wa lori la nazi aitie posta Pangani, kwa sababu hapa Mkwaja simwamini mtu kunibebea bahasha, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nimefanya jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Jina langu ni Benedikta, nina miaka ishirini na miwili, baba yangu alikuja na manamba kutoka Songea kukata mkonge upande wa Muheza na mimi nikazaliwa kambini, masista wakanisomesha mpaka nikajua Kiingereza, na mwezi wa Machi mwaka huu nikaajiriwa na Bibi mmoja Mzungu, mwalimu wa chuo kikuu cha Ulaya, anayechunguza kwa nini watoto wachanga wanakufa pwani hii na ni wapi wanakufa zaidi. Watu wa hapa wanamwita Bibi Daftari. Kazi yangu ni kuingia nyumba kwa nyumba na fomu, nimwulize kila mwanamke amezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa na kwa umri gani, kisha Bibi huja nyuma yangu na futi kama ya fundi wa nguo kupima mikono ya watoto walio hai.

Pangani mjini kazi ilikwenda, lakini tulipofika Mkwaja milango ilifungwa. Nyumba ya kwanza mwanamke aliniuliza, "Mwanangu aliyekufa mwamtaka wa nini?" akafunga mlango, nyumba ya pili wakasema wapima mikono ya watoto ni mumiani na mimi ndiye niliyetangulizwa kunusa penye damu, ya tatu nikamwagiwa maji ya dagaa miguuni, na zaidi ya hayo, Bi Asmahani, maneno yao mengine sikuyafahamu, Kiswahili chao si kile cha kambini, nami nikaona haya kuuliza mara ya pili. Wiki ya kwanza nilirudi na fomu mbili tu. Bibi akazitazama akasema, "Benedikta, kama kazi imekushinda niambie, wako wengine wanaoitaka." Jumatatu iliyofuata nilikaa nyuma ya ghala la nazi nikajaza fomu sita kwa kubuni, na kwa kuwa uvumi wa mumiani ulikuwa umemfanya Bibi aache kupima mikono hapa, hakuna aliyeniuliza kitu, Bibi alinisifu, basi nikaendelea, na mwezi ulipokwisha zilikuwa nyumba kumi na tisa katika nyumba arobaini zote za uchunguzi huu. Na kwa kuwa mkono wangu ulikataa kumwua mtoto wa mtu kwa kalamu, kila mtoto niliyembuni nilimwacha hai. Mahali pa waliokufa niliandika "hakuna", nyumba zote kumi na tisa.

Sikujua kama hesabu hizo zitakuja kusema. Bibi alipozijumlisha alifurahi mno, akaniita anionyeshe kwamba watoto wa Mkwaja wanakufa wachache kuliko wa Pangani, wachache kuliko mahali popote alipopita, akaanza kuuliza wanakula samaki gani na wanakunywa maji ya kisima kipi, na sasa anataka kuiandikia serikali kwamba yule mkunga mmoja aliyetengwa kwa pwani hii apelekwe kwingine, kwa maana Mkwaja hawana shida.

Mimi nakaa kwa Chiku, mwanamke wa hapa ambaye mumewe Mselem yuko safarini Unguja, na kwa sababu sikuona mtoto nyumbani mwake nilimjazia fomu yake bila kumwuliza, nikaandika "hajazaa". Wiki mbili zilizopita tulikuwa uani, yeye amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ana mimba ya miezi saba, akashika tumbo akasema, "Huyu wa nne, Benedikta. Watatu nimewazika. Usiandike." Nikamwambia siandiki. Fomu yake ilikuwa sandukuni mwa Bibi tayari.

Sasa amekuja Bwana Idarusi, mtu wa Ngamiani huko Tanga aliyesoma mpaka Makerere, Bibi anasema amekuja kumsaidia hesabu lakini mimi siamini, nadhani ameletwa kwa ajili yangu. Ni mpole mno na upole wake ndio unaonitisha. Ananiuliza vitu vidogovidogo, "Dada Benedikta, kwa yule msuka makuti ulikaa barazani au ulikaribishwa ndani?" Ijumaa alasiri nilimwona makaburini, penseli mkononi, anapita kwenye makaburi madogo. Aliporudi akasema, "Makaburi ya watoto ni mengi." Nikamwambia ni ya zamani. Akasema, "Matatu udongo wake bado mbichi," akaendelea kunywa chai yake. Fomu zangu kwenye sanduku la Bibi nimezikuta zimepangwa upya, si nilivyoziacha. Juzi nilimwona anazungumza na Chiku kisimani, nao waliponiona wakanyamaza, na tangu hapo nakula chakula cha Chiku nikimtazama usoni kujua amesema nini.

Na jambo la mwisho, wanawake kisimani waliniuliza yule bwana anatafuta nini makaburini, nami nikasema sijui, hilo tu, lakini Alhamisi Bwana Idarusi alipigwa jiwe begani akitoka kuoga, na wanaume wanasemezana nje ya msikiti wakimwona wanaacha. Sasa nauliza, nitoroke nirudi Muheza kabla hajanifichua, au ninyamaze, maana kitabu chenyewe kitasomwa Ulaya na watu wasiojua hata Mkwaja iko wapi? Nisaidie, Bi Asmahani, silali.

Benedikta

*

Marahaba, Benedikta. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kuna mahali paliniwasha.

Nakuhurumia, na nitakwambia wapi ili usiitafute huruma yangu kwingine. Maji ya dagaa hukustahili. Na huyo Bibi, aliyempeleka msichana mgeni peke yake akawaulize mama wa watu juu ya maiti zao kabla hajakaa nao hata siku mbili, kisha akamtisha na kazi, ana lake la kujibu mbele ya chuo chake. Elimu yake ni kubwa lakini hodi hajui kupiga. Basi, huruma yangu imeishia hapo.

Unasema kitabu kitasomwa Ulaya. Mkunga naye ni wa Ulaya? Chiku atazaa Ulaya? Umemwona mwanamke amezika watatu, ana wa nne tumboni, na karatasi yako ndiyo inayomwondolea mtu wa kumshika mkono siku hiyo, nawe unaniuliza kama unaweza kunyamaza. Unajisifu kwamba mkono wako ulikataa kumwua mtoto kwa kalamu. Mwanangu, wale watoto walikuwa wamekwisha kufa. Ulichowanyima ni kuhesabiwa kwamba waliishi.

Sasa pale paliponiwasha. Unasema waliuliza habari za Idarusi nawe ukajibu sijui, hilo tu. Mimi sikuwepo kisimani, lakini mtu hapigwi jiwe kwa ajili ya "sijui". Ulisema neno jingine, au ulisema hilohilo kwa namna fulani ya uso. Ulikuwa unamwogopa, na watu walikuwa tayari wanaogopa, ukawaachia. Pwani hii mtu aliyeitwa mumiani anaweza kuuawa mchana, watu wakaenda zao kuswali. Kwa hiyo sitaanza na fomu zako. Ukimaliza kusoma mstari huu, vaa viatu uende kwa jumbe wa hapo, umwambie mbele ya watu kwamba Bwana Idarusi alikuwa akihesabu makaburi kwa sababu wewe ulidanganya, na si kwa sababu anataka mifupa. Ukiona haya, ona haya ukitembea.

Kisha kaa na Chiku. Usimwambie Bibi siri yake kwa kujitakasa wewe. Ile ni yake. Mwambie ulichokiandika kwenye fomu yake, neno kwa neno, na umwachie aamue.

Kisha andika majina ya nyumba zote kumi na tisa kwa mkono wako, umpelekee Bibi kabla Idarusi hajakutangulia. Usiseme wanawake walikataa kusema kweli. Hawakusema chochote, aliyesema ni wewe. Atakufukuza. Acha akufukuze, Muheza utarudi kwa mlango wa mbele.

Na umwambie neno moja kutoka kwangu. Nimezalisha wanawake wa Ngamiani miaka ishirini na minne, sijapata kumwuliza hata mmoja, "Wamekufa wangapi?" Namwuliza, "Kifungua mimba wako ulimwita nani?" Akishataja jina la kwanza, mengine hufuata yenyewe, nami nahesabu moyoni mwangu. Kama chuo chake hakifundishi hivyo, sasa amefundishwa bure.

Asmahani

*

Bi Asmahani, shikamoo. Ni mimi Benedikta, niko Pangani.

Ulisema kweli. Kisimani nilisema sijui, kisha nikasema, "Ningekuwa na mtoto ningemweka karibu." Nililisema hilo pia kwa jumbe, mbele ya wanaume saba, nikalia, hakuna aliyenibembeleza. Jumbe alimpeleka mwanawe mkubwa akae na Bwana Idarusi siku tatu mpaka maneno yakapoa.

Bwana Idarusi aliniambia alikwisha jua. "Nyumba kumi na tisa hazina hata mtoto mmoja aliyekufa, dada. Hakuna mji kama huo duniani. Nilikuwa nakungoja useme." Kwa Chiku kisimani alikuwa ameuliza njia ya kwenda dukani, basi.

Chiku ndiye aliyeniumiza. Nilimwambia nilichoandika, akaacha kufua. "Hajazaa? Mimi?" Kesho yake asubuhi akavaa buibui, akaniambia, "Twende kwa huyo Bibi wako." Nilidhani anakwenda kunishtaki. Alifika akakataa kiti, akasimama mbele ya meza, nami nikatafsiri. Akasema wa kwanza ni Shehe, alikufa siku ya arobaini. Wa pili ni Haji, alikuwa anaanza kutembea. "Wa tatu ni mwanamke, hakufika siku ya saba ya kupewa jina." Bibi aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Chiku akamwambia, "Andika. Huyo asiye na jina naye umwandike."

Bibi aliandika. Halafu nikamwekea mezani majina ya nyumba zote kumi na tisa, niliyoyaandika kwa mkono wangu. Jioni akanifukuza kazi, hakunipigia kelele, na hakunitazama. Barua ya serikali ameizuia. Bwana Idarusi na Chiku wamekwenda tena kwenye zile nyumba, kumi na mbili wamesema, ya Chiku ikiwa mojawapo, saba wamekataa na Bibi ameandika kwamba wamekataa. Kama mkunga atakuja sijui, wanasema mambo hayo huamuliwa Dar es Salaam.

Nimekaa hapa Pangani kwa mke wa fundi seremala, kila siku nasema kesho nitapanda lori, sijui la kwenda Muheza au la kurudi Mkwaja. Nilifanya vema?

Benedikta

*

Benedikta, usiniandikie tena kuuliza kama ulifanya vema. Kazi umeikosa na ulistahili kuikosa, na jambo la jumbe ulilifanya kama mtu mzima. Hayo yametosha.

Mselem yuko Unguja, mkunga hajaja, na Chiku ana mimba ya miezi tisa. Nani anamchotea maji? Panda lori la Mkwaja. Akikufungia mlango, acha ndoo iliyojaa kizingitini, urudi kesho na nyingine. Uchungu ukianza usiwasikilize watakaosema tusubiri asubuhi: mwombe jumbe akutafutie lori, umlete Pangani hospitalini, ukae naye. Na ukiulizwa pale mlangoni huyu ni mzazi wa mara ya ngapi, jibu sawasawa.