Kurasa Mbili kwa Pamoja

Mwalimu wangu,

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, na Jumatano, siku ya somo letu, ikifika miguu yangu bado inashuka yenyewe kituo cha Spånga. Juzi nilifika hadi mlangoni pako. Dada yako alinifungulia, akaniacha nikae mbele ya hapsikodi yako, kile kinanda cha nyuzi za kudonolewa ambacho siku ya kwanza nilikuambia kinalia kama kuku anayedonoa bati. Ulicheka hadi ukavua miwani. Nilikuwa mgeni, nimetoka Machame mwaka ule magari ya huku Uswidi yalipohamia upande wa kulia wa barabara, najua kupiga kinanda cha kukanyaga cha kanisani kwetu na najiona bingwa. Ubingwa huo ulinivua kidole kimoja kimoja. "Piga kama unaongea," ulikuwa ukisema. "Anayeongea huvuta pumzi."

Lakini sikuandikii ili nikusifu.

Mwalimu, ni mimi. Jioni ile ya Kwaresima, nilipokufungulia kurasa za muziki katika onyesho lako la mwisho, nilifungua mbili kwa pamoja. Nilikuwa nimekuja kutoka Skärholmen bila glavu, nimeziacha mezani kwa haraka zangu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata sikuihisi karatasi. Ulikuwa katikati ya kile kipande kirefu ambacho sauti nne hufukuzana. Ukatafuta njia, ukapapasa, ukanyamaza. Wewe, uliyewafundisha watu Baroki, muziki ule wa kale wa Ulaya, maisha yako yote, ukanyamaza mbele ya kanisa lililojaa. Kisha ukarudi mwanzo, ukapiga hadi mwisho.

Gazeti likaandika kwamba uzee umekupokonya kumbukumbu. Wazee wa kanisa wakampa mtu mwingine onyesho la Pasaka, na baada ya hapo hukuitwa tena popote. Neno langu moja lingetosha kukutetea. Sikulisema. Niliogopa watanirudisha nyumbani mikono mitupu, bila cheti. Nilikuwa mwoga, basi.

Na wewe ulijua. Jioni ile ile ulinishika mkono ukaniambia neno pekee la Kiswahili nililowahi kukufundisha: "Pole." Nimekuangusha mimi, halafu wewe ndiye unanipa pole! Wiki iliyofuata ukanipa glavu za sufu ya kijivu ulizofuma mwenyewe, wala hukuuliza kitu. Ulinifungulia mlango nikiri. Nikasema asante, nikazivaa, nikaenda zangu.

Siku ya mazishi, tulipokuwa tunakunywa kahawa, mzee mmoja wa kanisa aliniinamia akasema, "Maskini Gunvor, mwishoni akili zilimtoka." Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni. Nilitafuna, nikameza, nikatikisa kichwa kama anayesikitika naye. Usiku nalala, lakini nikiamka ni keki ile ninayoikumbuka kwanza. Nimekulilia, Mwalimu, na katika machozi hayo sijui yapi ni yako na yapi ni ya aibu yangu.

Sasa wazee wa kanisa wameniomba nikalie kiti chako cha kinanda, nianze na ibada ya kukukumbuka. Wanataka kipande kile kile. "Wewe ni kijana," mzee yule akaniambia, "kumbukumbu yako bado nzuri."

Ni nzuri, ndiyo. Ndiyo maana nakuahidi hivi: Jumapili, kabla sijagusa kinanda, nitasimama mbele yao niwasimulie habari za kurasa mbili, na nani alizifungua. Wakininyima kiti, ni haki yao. Glavu zako nitazivaa njia nzima kutoka Skärholmen, nifike vidole vikiwa na joto.

Pumzika, Mwalimu. Neno lile ulilonipa jioni ile halikuwa langu, nakurudishia mwenyewe. Pole. Pole sana.

Mwanafunzi wako,
Eliamani