Ng'ombe wa Jiko Letu

Mpenzi Baba Kadzo,

Leo asubuhi nimerudi kutoka kwa jirani yetu Mama Mbeyu na ndoo ya mavi ya ng'ombe kichwani. Nimekwenda kuomba mavi, mume wangu. Mimi niliyekuwa nikipita kwake na shingo juu kwa sababu jikoni kwangu hakufuki moshi, leo nimesimama zizini mwake nikichorachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Chota tu, mwenzangu," akaniambia. "Lakini chai yako ya mavi bado siinywi." Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikalia.

Unakumbuka nilivyoona haya ulipoanza kuchimba lile shimo nyuma ya jiko? Jilore nzima ilipita kutazama. Fundi alitoka Kaloleni, akajenga kuba la matofali chini ya ardhi, mfano wa chungu kilichofunikwa kifudifudi, akalisiriba saruji ndani hata pasipite pumzi. Nikakuuliza chakula changu kitapikwaje kwa uchafu. Ukanijibu, "Mama Kadzo, hili ni tumbo. Lilishe, nalo litakulisha." Ndoo ya mavi kwa ndoo ya maji, ukoroge mpaka iwe uji, kisha uachie ushuke. Ulisema huko gizani uji unachacha kama tembo la mnazi kwenye kibuyu, na pumzi yake ndiyo gesi. Gesi ikijaa juu ya kuba, inausukuma uji uliokwisha kuiva utokee upande wa pili, nasi tukautie kwenye mahindi. Mimi nilikuwa nimejiziba pua kwa leso. "Mficha uchi hazai," ukanitania, ukanikabidhi mti wa kukorogea.

Gesi ya kwanza ilikataa kuwaka. Ukaifungulia ipotee hewani, nami nikasema kimoyomoyo, afadhali. Kumbe ndivyo inavyoanza. Mara ya pili ulipowasha kiberiti, mwali wa buluu ukatulia juu ya jiko, ukateleka chai mwenyewe, ukaniletea uani mbele ya watu. Tangu hapo macho yangu yakapumzika. Wale ng'ombe wetu wawili ukawa unawaita kuni zetu.

Kisha ukafa. Hata hatujakutoa chumba cha maiti, ndugu yako Karisa akakaa na wazee kupanga hanga, yale matanga ya mazishi, akauliza, "Hanga bila nyama ni hanga gani? Ndugu yangu azikwe kama kuku?" Wakatazama zizini. Pale mimi peke yangu nilijua wale ng'ombe ni nini katika nyumba ile, na nilikuwa na mdomo wa kusema. Lakini niliogopa kuambiwa nimemzika mume wangu kwa maharagwe. Nikasema, "Haya."

Watu walikula, wakasifu mchuzi. Sufuria za matanga hazienei kwenye jiko letu, kwa hiyo hata gesi yako haikutumika. Wale ng'ombe walipikwa kwa kuni. Nimewapika waliokuwa wakinipikia.

Mwali haukuzimika siku ile. Ulikuwa ukipungua kidogo kidogo, mpaka ukashindwa kuchemsha hata maji ya uji. Kadzo wetu alipokuja kutoka Mtwapa, alinikuta nimerudi kwenye mafiga, macho mekundu. Hakunilaumu. Alikwenda nyuma ya jiko, akafunua pale tulipokuwa tukikorogea, akakuta pamekauka na buibui wamejenga. Akapafunika, akaja kunisaidia kupuliza moto. Ningependa angenigombeza.

Amebaki yule mtamba tu, ambaye siku zile alikuwa ndama hana nyama ya kumtosha mtu. Mavi yake hayatoshi kulishibisha tumbo lako, ndiyo maana ya ile ndoo. Jana, mwaka wako ukikaribia kutimia, Karisa alikuja kwa habari ya kumaliza matanga Jumamosi. Anamtaka mtamba.

"Shemeji, huyu hachinjwi," nikamwambia.

"Unamnyima ndugu yangu?"

"Nyama yake alishakula. Huyu ni wa jiko lake."

Akaondoka bila hata kuonja maji. Kufikia jioni nilikuwa nimekwisha kuitwa mchoyo wa marehemu. Basi Jumamosi watakula wali kwa maharagwe, yale yale niliyoyaogopa, na watasema mpaka wachoke.

Jioni hii nimeikoroga ndoo ya Mama Mbeyu, nikaiachia ishuke. Jiko bado haliwaki. Nimefungua koki, nikatega sikio, nikasikia kitu kidogo mno, sijui ni gesi au ni masikio yangu. Nimeifunga. Nitarudi kwa Mama Mbeyu kesho, na kesho kutwa.

Aibu ya watu nitaizoea, Baba Kadzo. Yako ndiyo imenishinda. Nikipita penye kaburi lako na ndoo kichwani nageuza uso upande wa pili, kama mtu anayekwepa wakwe. Ukiniona napita hivyo, nitanie basi, hata mara moja, nipate kukutazama.

Pumzika, mume wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Kadzo